Dakika Nne kwa Kila Kitanda

Iliamuliwa, na kwa waraka rasmi ikatangazwa kwa watumishi wote wa hospitali bila kubagua cheo, kwamba mawasiliano fanisi kati ya muuguzi na mgonjwa ni mazungumzo yasiyozidi dakika nne, yanayofanyika kando ya kitanda, kwa lugha nyepesi, na kuhitimishwa kwa saini ya mgonjwa. Waraka ulikuwa na vifungu saba. Kifungu cha tatu kilieleza kwamba, ili kulinda faragha, mgonjwa hataitwa kwa jina bali kwa namba ya kitanda chake. Cha nne kilisema wauguzi watabadilishana wodi kila siku, kwa sababu kumwona mgonjwa yule yule siku mbili mfululizo huleta mazoea, na mazoea ni adui wa taaluma. Cha tano kiliagiza kila mgonjwa aulizwe, "Je, umeelewa?" na jibu lake liandikwe. Viwili vya mwisho vilihusu rangi ya wino.

Waraka ulibandikwa kando ya mlango wa ofisi ya wauguzi, mahali ambapo kwa miaka mingi palikuwa na karatasi ya kuwakumbusha watu wafunge bomba. Bomba lilianza kumwaga maji wiki hiyo hiyo, lakini hakuna aliyehusisha mambo hayo mawili.

Katika hospitali nzima alikuwapo mtu mmoja ambaye waraka ule ulimbana kila upande. Alikuwa muuguzi wa miaka hamsini na mmoja, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi, na wagonjwa walimwita Mama Habari. Jina hilo hakupewa kwa sababu ya umbea, ingawa wapo wenzake waliolielewa hivyo. Alipewa kwa sababu hakuwahi kumuuliza mtu kuhusu ugonjwa wake kabla ya kumuuliza habari za kila kitu kingine. Alianza na nyumbani. Kutoka hapo aliingia kwa watoto, mmoja mmoja, kwa kufuata walivyozaliwa. Akapita kwa mashemeji, akagusa paa linalovuja, kazi, na jirani mwenye mbwa asiyelala, na alipofika kwenye habari za choo, mgonjwa alikuwa amekwisha kusahau kwamba anayemuuliza amevaa sare. Akasema kweli.

Hakuanza hivyo kwa hekima. Alianza kwa woga. Alipokuwa mwanafunzi, mkono wake ulitetemeka kila aliposhika sindano, na akagundua kwamba akizungumza, mkono hutulia. Basi akazungumza. Mgonjwa wake wa kwanza, mama mmoja muuza vyungu, alidungwa katikati ya habari za binti yake aliyetoroka na fundi redio, na alipoulizwa kama sindano imeuma, aliuliza sindano ipi. Mkono wa Mama Habari uliacha kutetemeka mwaka wa pili. Mdomo haukuambiwa.

Miaka ishirini na sita ya wodini ilimfundisha jambo ambalo waraka haukulitengea kifungu: mgonjwa akiulizwa kama ameelewa, hujibu kwamba ameelewa. Ni adabu tu. Mtu amesimama mbele yako kwa nguo nyeupe iliyopigwa pasi, amekueleza mambo ya figo kwa jitihada zake zote. Kumwambia hukuelewa ni kumwambia hajui kueleza, na wewe hukulelewa hivyo. Siku moja, kwa kutaka kujaribu, Mama Habari alimuuliza mzee mmoja kama ameelewa kabla hajamweleza lolote. Mzee alisema ameelewa, akashukuru.

Wiki tatu baada ya waraka, hesabu za muda zilitoka. Wauguzi wengine walikuwa wakimaliza kitanda kimoja kwa dakika nne, wengine tatu na nusu. Yupo mmoja aliyefikia mbili, akapongezwa mbele ya wenzake. Mama Habari alikuwa na dakika kumi na tisa. Akaitwa ofisini.

Muuguzi Mkuu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwenye kalamu tatu mfukoni na moyo usio mbaya. Alikuwa amepitia mikononi mwa Mama Habari enzi za masomo. Alijifunza kudunga sindano chini ya usimamizi wake, kwa kudunga godoro bovu mpaka likawa halifai hata kwa kudungwa. Kwa hiyo mbele za watu alimwita "muuguzi", na mlango ukifungwa alimwita "dada". Siku hiyo aliufunga mlango. Mama Habari akajua kuna jambo, kwa maana habari njema hazihitaji undugu.

"Dada yangu," alisema Muuguzi Mkuu, "mimi sina neno na wewe. Namba ndizo zina neno."

Alieleza kwamba wakubwa wameziona hizo namba. Tangu siku hiyo hadi mwisho wa mwezi, akizidisha dakika nne hata kwa kitanda kimoja, atahamishiwa stoo ya mashuka, kule chini nyuma ya chumba cha kufulia, akunje na kuhesabu mpaka astaafu. Si adhabu, alisema. Mshahara ni ule ule, na kuna kiti. Tena mashuka hayana habari, akaongeza kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani.

Mama Habari aliuliza mashuka yako mangapi. Hakuuliza kwa kebehi. Alikosa tu lingine la kuuliza. Stoo ile aliijua. Ilikuwa chumba kisicho na dirisha ila kijidirisha cha kutolea mashuka, rafu mpaka darini, harufu ya sabuni na mvuke. Mwenzake mmoja alipelekwa huko akiwa mzima, na baada ya mwaka watu walimkuta akizisalimia rafu. Mama Habari alikuwa radhi kufa kwa ugonjwa wowote aliowahi kuuguza, lakini si kwa ukimya. Akapokea saa ya kupimia muda, ya aina ile wanayobeba walimu wa michezo, akaivaa shingoni pamoja na miwani, akatoka.

Alijitahidi, na lazima isemwe kwamba alijitahidi sana. Kitanda namba moja, umelala salama, umekula, umepata choo, je, umeelewa, saini hapa. Aliimaliza wodi nzima kwa muda aliozoea kummalizia mtu mmoja, akabaki na asubuhi pana asiyojua aifanyie nini. Alipanga chupa za dripu kwa urefu. Alifunga lile bomba. Jioni alirudi nyumbani akiwa amejaa maneno ya siku nzima ambayo hayakupata pa kutokea, na mtu pekee aliyekuwapo nyumbani alikuwa mumewe.

Mumewe alikuwa mstaafu wa reli. Kwa miaka thelathini na miwili alizungumza na treni kwa bendera mbili, ya kijani na nyekundu, na hakuwahi kuona haja ya rangi ya tatu. Ndoa yao ilikuwa imetulia kwa mpango ambao hakuna aliyewahi kuutamka: mke alimwaga maneno yake kazini, akafika nyumbani mtupu, wakala chakula cha jioni kama watu wawili wanaosoma vitabu tofauti. Sasa mpango ukavunjika. Jioni ya kwanza mume aliulizwa habari za kaka zake wote wanne, wawili wakiwa marehemu. Ya pili aliulizwa habari za goti. Ya tatu aliulizwa alipata choo lini, naye akiwa na tonge mkononi. Binti yao alipokuja kuwasalimia mwisho wa wiki, alimkuta baba yake amekaa uani kwa jirani akiwatazama vifaranga wasiokuwa wake. "Mwambie mama yako arudishiwe wagonjwa wake," baba alisema. Binti alieleza baadaye kwamba tangu arusi yake hajamsikia baba akitoa sentensi ndefu kama ile.

Wakati huo huo wodi ya wanaume ilikuwa imepata sifa. Ndani yake kulikuwa na vitanda sita, na katika kitanda namba tano kulikuwa na ugonjwa ambao haujawahi kuonekana.

Karatasi ya vipimo iliyoning'inia miguuni mwa kitanda hicho ilionyesha kwamba Alhamisi mgonjwa alikuwa na kilo hamsini na nane. Ijumaa alikuwa na kilo tisini na saba. Jumamosi alirudi sitini na moja. Presha yake ilipanda usiku mmoja kama mtu aliyefukuzwa na nyuki, kesho yake ikashuka ikawa ya kijana wa miaka ishirini. Halijoto nayo ilikuwa na tabia zake. Daktari, kijana mwenye bidii aliyekabidhiwa wodi tatu na kiti kimoja, alikuwa akizisoma karatasi hizo ofisini mpaka macho yakamtoka. Alipopita wodini, alipita na karatasi mbele ya uso, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa kwenye karatasi. Alitafuta katika vitabu, hakuona kitu. Akaanza kufikiri, kwa unyenyekevu lakini kila siku, kuhusu ugonjwa wenye jina lake. Aliandika barua kwa mabingwa watatu wa hospitali kubwa, nao wakakubali kuja Alhamisi iliyofuata kumtazama kitanda namba tano.

Zamu ya Mama Habari katika wodi ya wanaume ikaangukia Jumatano, siku moja kabla ya mabingwa, na mbili kabla ya mwezi kuisha. Asubuhi hiyo alikuwa amehesabu: vitanda vya siku mbili, dakika nne nne, kisha stoo ya mashuka ingemsahau. Alimaliza vitanda vitatu vya kwanza bila kumtazama mtu usoni, kwa maana alijijua, akitazama uso atauliza. Cha nne pia. Alipofika cha tano alibonyeza saa, akainamia fomu.

"Kitanda namba tano, umelala salama?"

"Kimelala salama," sauti ilijibu.

Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuwasemesha watu walio juu ya jukwaa la ujenzi. Mama Habari aliandika. Akauliza kama amekula. Sauti ikasema amekula mkate na chai, ila chai ameacha nusu. Akauliza kama amepata choo. Sauti ikasema hilo hakumuuliza, lakini kama sista ana haraka anaweza kuitwa. Mama Habari aliandika "ndiyo", kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi ya zaidi, akamwelekezea kalamu aweke saini. Saa ilisoma dakika tatu na sekunde kumi.

Mwenye sauti alichukua kalamu, akaishika juu ya karatasi, akasita.

"Mwanangu," aliuliza, "nitie saini yake au yangu?"

Lilikuwa swali la mtu mwaminifu, na lilimfika Mama Habari mahali ambapo waraka ulikuwa haujafika. Zilibaki sekunde hamsini. Kwa sekunde hamsini mtu anaweza kusema "yoyote", akachukua karatasi yake, akaenda kitanda cha sita na kubaki na kazi yake. Aliutazama mlango. Akaitazama saa. Kisha, jambo ambalo alikuwa amelikwepa asubuhi nzima, akainua macho akatazama uso.

Kitandani alilala mzee mnene wa miaka sabini, aliyekuwa nyapara wa wajenzi maisha yake yote, na wodi nzima ilimwita hivyo, Nyapara.

"Yake nani, mzee?"

"Ya mwenye kitanda. Nimemwacha kule kwangu, namba mbili."

Mama Habari hakuisimamisha saa. Aliiacha iendelee, akaitia mfukoni, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, kitendo kilichokatazwa tangu kabla waraka haujazaliwa.

"Haya, mzee," alisema. "Habari za nyumbani?"

Vichwa vitano vikageuka. Kinyozi wa kitanda namba moja, mtu mwembamba mwenye ulimi uliozoea kufanya kazi pamoja na mkasi, alisema kwa jinsi Mama Habari alivyoacha kuuliza habari, wao walidhani anaumwa, na walikuwa wamepanga kumchangia matunda.

Habari zikatoka. Wodi ilikuwa na madirisha manne, na mafundi rangi walipopita mwaka jana waliyapaka matatu yakiwa yamefungwa, yakagandia humo. Moja tu lilifunguka, na lilikuwa juu ya kitanda namba tano. Joto la mchana lilikuwa la kuokea mkate. Mwenye kitanda namba tano, Fundi Viatu, hakuwa mtu wa kulalamika wala wa choyo, na Nyapara alikuwa ameandika zamu nyuma ya boksi la glovu: kila siku baada ya chakula cha mchana mmoja wao anahamia dirishani mpaka kesho yake, na Fundi Viatu anakwenda kulala kwa huyo aliyehama. Watu watano, siku tano, kisha wanaanza upya. Hakuna aliyependelewa.

Mama Habari, moyo ukiwa juu, aliuliza habari za dawa. Nyapara alishangaa kuulizwa. Muuguzi akitoka, alisema, dawa hukusanywa na kurudishwa kwa wenyewe kwa rangi. Kila mtu anaijua yake. Mpaka leo hakuna aliyekula ya mwenzie. Sindano peke yake haikuwa na zamu. Mtu akiiona sindano hukumbuka kitanda chake.

Kwa nini basi waliitikia kwa namba isiyo yao? Hapo wote sita walimtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. Mgeni akipiga hodi kwa jirani, na jirani ametoka, wewe uliyeketi mlangoni pake si ndiye unayeitika? Unamjibu mgeni hawajambo, wamekula, wamelala salama. Ukinyamaza utaonekana huna malezi. Wao waliitwa kwa kitanda, wakakiitikia kitanda.

"Na hamkuona haja ya kutuambia?"

"Tuliulizwa kama tumeelewa," alisema Kinyozi. "Tukasema tumeelewa. Na kweli, dada, sisi tulikuwa tumeelewa."

Mama Habari alikumbuka kilo hamsini na nane, akamtazama Kinyozi. Alikumbuka tisini na saba, akamtazama Nyapara. Alikumbuka mabingwa watatu waliokuwa wakipiga viatu rangi kwa ajili ya kesho, akacheka mpaka miwani ikamtoka. Kwa makadirio yake saa ilikuwa inaelekea dakika ya kumi na moja. Kosa lilikuwa limekwisha kufanyika, lakini lilikuwa kosa dogo, na hapakuwa na shahidi. Angeweza kuinuka hapo, akajaza fomu vizuri na kuomba Mungu.

Akainuka kweli. Ndipo akamwona Fundi Viatu kwenye kitanda namba mbili, amejilaza ubavu, ameutazama ukuta. Shuka lilikuwa limeteremka. Mguu mmoja ulikuwa mtupu. Mwingine ulikuwa na soksi.

Katika wodi hiyo watu wazima walikuwa wameunda utawala mzima kwa ajili ya upepo, na mtu huyu amevaa soksi moja.

Mama Habari alimsogelea, akakaa. Hakuuliza habari za soksi. Alimwita kaka, akamuuliza habari za nyumbani. Fundi Viatu alikuwa mtu wa miaka sitini, aliyeletwa kwa sababu ya sukari, na maneno yake yalikuwa machache na yenye ncha fupi. Mke hajambo. Watoto watatu hawajambo, wa kwanza, wa pili, wa tatu ndiye anayeshika kazi sasa. Kazi iko pale pale, kona ya kituo cha basi, chini ya mwavuli. Wateja wanaleta viatu na kusahau kuvifuata. Kuna kiatu cha harusi cha mwanamke mmoja kimekaa miaka miwili, na mwenyewe hupita kila asubuhi akasalimia bila kukitazama, naye hajapata ujasiri wa kuuliza. Hapo alicheka kidogo. Waliongea ngozi, gundi, soli za zamani na za sasa. Habari zilipofika kwenye viatu vya Fundi Viatu mwenyewe, na nani huvishona, Fundi Viatu akanyamaza.

Mama Habari naye akanyamaza. Watu waliomjua kwa jina lake tu wangeshangaa jinsi alivyojua kunyamaza.

"Mwenyewe," alisema Fundi Viatu mwishowe. "Nilivipiga misumari mwenyewe."

"Na mmoja?"

"Mmoja ulipenya."

"Lini, kaka?"

"Kabla sijaja huku."

Alikuwa na siku kumi na mbili wodini. Aliivua soksi ile taratibu. Chini ya wayo, karibu na kidole cha mwisho, palikuwa na kidonda kidogo chenye ukingo mweusi, na nyama ya jirani ilikuwa ya moto na yenye harufu ambayo Mama Habari hakuhitaji kuisogelea ili aitambue. Hakikuwa kimemuuma hata siku moja. Sukari ilikwisha kuulaza mguu ule usingizi zamani. Yeye aliona damu kwenye soksi, akavaa nyingine.

"Miaka thelathini na minane nashona viatu vya watu," Fundi Viatu alisema, kwa sauti ya kusemea mto. "Nije nilale hapa niseme nimechomwa na msumari wangu, kwenye kiatu changu? Huyo Kinyozi si angenitangaza mji mzima."

Kinyozi, kwa heshima ya mtu ambaye methali imetungwa kwa ajili yake, alisema hata yeye hajinyoi, na kwamba angewaambia wateja wake wa kudumu tu.

"Na fomu, kaka? Siku zote hizi, mbona hukusema?"

"Fomu haikuuliza soksi."

Mlangoni alikuwa amesimama Muuguzi Mkuu, na ubao wake wa karatasi kifuani. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Mama Habari aliitoa saa mfukoni, akaitazama, akamwonyesha bila kuombwa: dakika arobaini na moja. Halafu akasema mguu huu hauwezi kusubiri kesho, aitwe daktari.

Muuguzi Mkuu aliitazama saa kwanza, kisha mguu. Alikimbia mwenyewe. Kalamu mbili kati ya tatu ziliokotwa baadaye koridoni.

Alasiri hiyo Fundi Viatu alisafishwa kidonda katika chumba cha upasuaji. Alipoteza kidole kimoja, kile cha mwisho, akabaki na mguu. Daktari alisema zingepita siku tatu nyingine, mazungumzo yangekuwa ya goti. Kwa heshima yake, alisema hivyo kabla hajakumbuka ugonjwa wake wa kitanda namba tano, na alipoelezwa habari ya dirisha alikaa kwenye kile kiti kimoja muda mrefu. Kisha akawapigia simu mabingwa. Wawili walipatikana. Wa tatu alikuwa amekwisha kufunga safari, akafika Alhamisi asubuhi na mkoba wake. Ikabidi aonyeshwe dirisha. Alisimama mbele yake dakika kadhaa, kola ikipeperuka, akakiri kwamba kweli ni zuri, akaondoka.

Ijumaa Muuguzi Mkuu alimwita Mama Habari, akafunga mlango. Juu ya meza zilikuwapo barua mbili katika bahasha moja.

"Dada, umeokoa mguu wa mtu," alisema. "Nimeandika hivyo, na nimetia saini."

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo nyingine ni ya dakika arobaini na moja."

Alisimulia, bila kuinua macho, kwamba alikwenda kwa wakubwa na kuwaeleza yote, tangu hodi hadi soksi. Walimsikiliza vizuri. Mmoja alisikitika waziwazi. Kisha wakamuuliza dakika arobaini na moja ziandikwe kwenye mstari upi wa fomu, na alipoitazama fomu, aliyoichora yeye mwenyewe, hakuuona. Alisema amejaribu. Kalamu aliyoishika ilikuwa imetafunwa mwishoni kama ya mtoto wa shule.

Mama Habari aliuliza kama kiti cha stoo kina mgongo. Akaambiwa kinao. Akamwambia mdogo wake asitafune plastiki, itamharibu meno, akachukua bahasha.

Waraka uliongezwa kifungu cha nane, kwamba mgonjwa haruhusiwi kulala katika kitanda kisicho chake, na ili kuondoa kishawishi, mafundi rangi waliitwa wakalipaka dirisha lililobaki. Mumewe Mama Habari, aliposikia kwamba mkewe anakwenda kufanya kazi na mashuka, aliuliza kama huko kuna watu. Akajibiwa hakuna. Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa jirani kuulizia kama anaweza kuweka kiti chake uani moja kwa moja. Lakini wiki ya kwanza mke alirudi kutoka stoo, akala kimya, akaoga, akalala. Na wiki ya pili vivyo hivyo. Mume hakuuliza sababu, kwa maana si kila neema huulizwa. Alirudisha kiti.

Mwisho wa mwezi uliofuata ripoti ya hospitali ilionyesha kwamba wastani wa mazungumzo ya wodini umeshuka hadi dakika tatu na sekunde ishirini, na kwamba wagonjwa wote, pasipo hata mmoja kubaki, wametia saini kuwa wameelewa. Daftari la stoo ya mashuka, ambalo hakuna aliyeomba kuliona, lilionyesha kwamba wodi ya wanaume, yenye vitanda sita, ilikuwa ikibadilisha mashuka thelathini na moja kwa siku, kila moja likiletwa kijidirishani na mgonjwa mwenyewe, na kwamba daktari, ambaye hana kitanda, alikuwa amebadilisha manne.